Moyo wa Kima na Meno ya Papa

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Mwaka jana lililetwa hapa Kikole sanduku la vitabu vya hadithi za watoto, vyote vyenye picha za rangi. Baada ya sala ya Alasiri wazee wa msikiti wakanijia wakitaka niwaambie neno moja tu: viingie chuoni au visiingie? Neno hilo moja lilinishinda, na ndiyo sababu ya waraka huu.

Nilikuwa nimejitayarisha kusema juu ya halali na haramu ya picha, kwa kuwa hiyo ndiyo elimu niliyosomeshwa mbele ya masheikh wangu. Walakini kabla sijafungua kinywa, nilikuwa nimekwisha kuwasikiliza watoto wakivisoma vitabu vile barazani, nami nikasikia maneno ambayo katika miaka arubaini ya kusomesha sijapata kuyasikia. Kijana wa miaka saba alifunga kitabu cha Kima na Papa akasema, "Maalimu, huyu kima ni mjinga." Wenzake wote wakamkubali.

Hadithi ile nimewasimulia watoto wa nchi hii hata sina idadi. Wamecheka, wameogopa, wameniomba niirudie. Hakuna hata mmoja aliyepata kumwita kima mjinga. Basi nikakichukua kitabu nikakaa nacho usiku ule kwenye taa, nikitafuta ujinga wa kima umetoka wapi.

Kwanza nilimalize jambo la sheria, nisije nikaambiwa nimelikimbia. Hadithi za Mtume (S.A.W.) za kuwakemea wachora sura za viumbe wenye roho ni sahihi, na madhehebu yetu ya Imam Shafi'i yana ukali katika mlango huu. Lakini ni sahihi pia kwamba Bibi Aisha (R.A.) alikuwa na wanasesere nyumbani kwa Mtume, na miongoni mwao alikuwako farasi mwenye mbawa mbili za kitambaa. Mtume akamwuliza, farasi ana mbawa? Naye akajibu, hukusikia kuwa farasi wa Nabii Suleiman (A.S.) walikuwa na mbawa? Mtume akacheka. Wanazuoni wengi wakatoa ruhusa ya vitu vya kuchezea na kufundishia watoto kwa hoja hiyo. Mwenye kutaka kujizuia na ajizuie, na mwenye kuifuata ruhusa asilaumiwe. Mimi katika hadithi hii naona jambo jingine ambalo mafakihi hawakuwa na haja ya kulitaja: mtoto yule alikuwa amesikia kisa kwanza, kisha moyo wake ukakitengenezea sura. Kisa kilitangulia, sura ikafuata. Tafadhali liweke neno hili karibu, msomaji, tutalirejea.

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra, ameeleza katika Ihyaa kwamba moyo wa mtoto ni johari safi isiyo na nakshi wala sura yoyote, nao hupokea kila inachochorwa juu yake na huinama kila unapoinamishwa. Tazama maneno aliyoyachagua, nakshi na sura! Ni maneno ya mchoraji. Basi swali la kuuliza juu ya kitabu cha picha halikomei kwenye karatasi. Tuulize pia ni kitu gani kinachorwa juu ya johari ile, na ni nani anayeishika kalamu.

Sasa tukitazame kisa chenyewe. Askofu Edward Steere alikiandika Unguja kwa Kiswahili na kukitoa London mwaka 1870 katika mkusanyo wake wa hadithi za Waswahili, kwa jina la Kisa cha Punda wa Dobi. Mwaka 1901 George Bateman akakitoa Chicago kwa Kiingereza, naye Walter Bobbett akatia picha. Lakini asili yake ni ya kale kuliko hapo. Kimo katika Kalila wa Dimna, kitabu kilichotoka Bara Hindi kikapita Uajemi, kisha Ibnul Muqaffa akakitia katika Kiarabu katika karne ya 2 ya Hijra. Huko rafiki wa kima ni kasa. Kilipofika pwani yetu wazee wakamtoa kasa wakamweka papa, na mkuyu wakaupanda ukingoni mwa maji ya kina.

Kisa wakijua. Kima anakula kuyu juu ya mti, papa yuko chini majini, naye kima humtupia matunda. Siku nyingi zinapita hivyo. Papa anasema, umenifadhili mno, twende kwetu nami nikukirimu. Kima anapanda mgongoni. Wakifika katikati ya bahari papa anamwambia ukweli: sultani wetu ni mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Naye kima anajibu, laiti ungeniambia mapema! Sisi makima tukisafiri huiacha mioyo yetu mitini, turudi tukauchukue.

Msomaji, hebu pima tabia ya papa huyu. Miezi mingi amekula matunda ya rafiki yake na hakumdhuru. Ametumwa na sultani wake. Na walipofika mahali ambapo kima hana pa kukimbilia, yeye mwenyewe alisema kweli, ingawa angeweza kunyamaza mpaka wafike. Tena alipoambiwa moyo umebaki mtini akasadiki, akageuka, akarudi. Huyu ni mtumwa wa amri aliyebanwa baina ya sultani na sahibu, na mwisho ni yeye anayedanganywa. Mtoto anayesikiliza kisa hiki gizani hupendana na papa kama kima alivyopendana naye. Anapanda mgongoni pamoja na kima. Ukweli unapotoka kule katikati ya bahari, unamwangukia yeye. Hapo ndipo kisa kinapofanya kazi yake ndani ya nafsi, maana mtoto anaonja kitu ambacho atakutana nacho utu uzimani: mtu aliyemkirimu jana, leo ana amri ya kumdhuru, na wala si mtu mwovu.

Katika kitabu nilicholetewa (sitakitaja jina, kwa kuwa aliyekichora huenda ana watoto wa kulisha, na kosa hili si lake peke yake) papa ana meno tangu ukurasa wa kwanza. Safu mbili za meno kama msumeno, jicho jekundu, na ute unamchuruzika. Kima yuko juu ya tawi anatabasamu na kumtupia tunda. Basi mtoto afanyeje? Anaona asiyoyaona kima. Anajua kabla hajajua kusoma. Rafiki amekwisha kuhukumiwa kwa rangi, na kima anayepanda mgongo wa kitu kama kile hana budi kuwa mjinga. Kijana wangu wa miaka saba alisoma picha sawasawa. Mchoraji alimwambia papa ni adui, naye akatoa hukumu ya mtu mwenye akili.

Hasara ya hapo si ndogo. Mtoto aliyesikia kisa ametoka na swali, na mtoto aliyeona kitabu ametoka na dharau. Tena amefundishwa jambo la uongo na la hatari, kwamba mwenye kudhuru hujulikana kwa uso wake. Wazazi wa leo hutuonya juu ya watu wanaowaharibu watoto, na mara nyingi watu hao huwa ni jirani au jamaa mwenye peremende mfukoni. Hao hawana meno ya msumeno.

Liko na jambo la mahali petu. Kikole si pwani, ni nchi ya ndani ya Kilwa, njia ambayo katika karne ya 19 misafara ilipita ikiteremka kutoka upande wa Ziwa Nyasa kwenda Kilwa Kivinje. Watoto wa hapa papa wanamjua kwa jinsi moja, naye ni papa mkavu wa chumvi, amelala sokoni vipandevipande, harufu yake imemtangulia njiani. Wengi bahari hawajaiona. Kwa hiyo picha ile si ukumbusho wa kitu wanachokijua, ndiyo papa mzima wao wa kwanza, na huenda akabaki ndiye wa pekee kwa miaka mingi. Mchoraji wa kitabu ana amana kubwa kuliko mchoraji wa kibao cha duka.

Nikafika kwenye ukurasa wa moyo, na hapo nilicheka peke yangu hata wa nyumbani akauliza kuna nini. Mchoraji ameutundika moyo juu ya mkuyu, mwekundu, umechongoka chini na kugawika juu, kama ule unaochapwa kwenye fulana na kadi za wapenzi. Binti mmoja alikuwa ameniuliza mchana, "Maalimu, kima ana mchumba?" Nikadhani anacheza. Kumbe amesoma alama kama ilivyo duniani leo, kwamba moyo mwekundu ni mapenzi.

Kisa chetu hakisemi mapenzi. Moyo katika lugha yetu, na katika lugha ya Qur'ani, ni mahali pa kufahamu. Mwenyezi Mungu ametaja katika Suratul Hajj nyoyo ambazo kwazo watu hufahamu, na akabainisha kuwa upofu wenyewe si wa macho bali ni wa nyoyo zilizomo vifuani. Hiyo ndiyo maana ya mchezo wa kima: anasema hana moyo wakati ambapo moyo wake unafanya kazi kuliko siku zote. Na ndiyo maana akishafika juu ya mti salama humsimulia papa kisa cha punda wa dobi, aliyeponea makucha ya simba mara ya kwanza, akabembelezwa, akarudi, akauawa. Na simba alipouliza uko wapi moyo wake na masikio yake, sungura aliyekuwa amevila akajibu kwamba punda hakuwa navyo, angelikuwa navyo asingerudi. Kisa kizima kinasimama juu ya neno moyo. Ukiuchora umeupunguza, na ukiuchora kama wa kadi umeugeuza maana. Mti mtupu ungetosha. Mtoto angetazama matawi akitafuta, asione kitu, akafahamu.

Wala sisemi haya kama mtu asiyetaka picha. Ibnul Muqaffa mwenyewe, katika dibaji ya Kalila wa Dimna, ameeleza kwamba sura za wanyama kwa rangi mbalimbali ni katika makusudio ya kitabu kile, ili nyoyo zifurahi na watu wapende kukinakili. Waislamu wakakichora kwa karne nyingi. Yahya bin Mahmud al-Wasiti alichora Maqamat za Hariri mwaka 634 wa Hijra, yaani 1237, na nakala yake imehifadhiwa Paris mpaka leo. Nimeonyeshwa picha zake zilizochapwa. Abu Zaid mle ni laghai mkubwa, lakini al-Wasiti hakumpa uso wa laghai. Amemchora mzee mwenye ndevu kama wazee wengine, na mtazamaji lazima asome ili ajue.

Yuko na jirani yetu wa kusini, Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa upande wa Tunduru, aliyechora Dar es Salaam kwa rangi za kung'aa juu ya vibao mpaka alipouawa kwa risasi mwaka 1972. Chui wake na ndege wake wanakukodolea macho, na huwezi kusema wamekasirika au wamefurahi. Wamekuwako tu, wakubwa, wamejaza kibao. Mwaka 2010 watu walitengeneza Nairobi michezo ya televisheni ya watoto kwa mtindo wake na kwa jina lake, Tinga Tinga Tales. Rangi zimebaki nzuri, lakini nyuso zimetiwa tabasamu. Mimi namtaka yule chui wa kwanza.

Tabasamu hilo ndilo linanipeleka kwa simba, na hapa nakuomba usinicheke. Katika sanduku lile mlikuwa na kitabu cha Sungura na Simba, na simba wake ni mnene, ana taji, mashavu mekundu, anacheka kama bwana harusi. Kwa mtoto wa Ulaya labda ni sawa, simba kwake ni kitu cha bustani ya wanyama. Lakini watafiti walihesabu kuwa kati ya 1990 na 2004 simba waliua watu wasiopungua 563 katika Tanzania, na wilaya za Lindi na kusini ndizo zilizopata sehemu kubwa. Wengi walichukuliwa usiku shambani, wakilala dunguni kulinda mazao yasiliwe na nguruwe. Miongoni mwa wanachuo wangu yuko mmoja ambaye babu yake alikwenda dunguni asirudi. Alipoona simba wa taji alikitazama kitabu muda mrefu, kisha akakiweka chini taratibu, akaondoka. Hakulia. Sikumwuliza neno.

Kesho yake nikawasimulia kisa chenyewe bila kitabu. Nikafika pale simba anapojificha ndani ya nyumba ya sungura kumvizia, naye sungura, akiona nyayo zina shaka, anasimama nje na kuita, "Hujambo nyumba!" Kimya. Anasema kwa sauti, ajabu, siku zote nikiisalimu nyumba hunijibu, leo lazima mna mtu. Akaita tena. Simba ndani akadhani ndiyo desturi ya nyumba, akaitikia. Sungura akakimbia akicheka. Mtoto yule alicheka mpaka akashika tumbo. Alicheka kwa sababu simba wa kisa changu alikuwa simba hasa, yule yule wa dunguni, na kiumbe mdogo asiye na nguvu amemshinda kwa kuuliza hali. Ukimfanya simba kuwa mwanasesere, sungura ameshinda nini?

Kwa hiyo papa amezidishwa ubaya na simba amezidishwa wema, na ugonjwa ni mmoja. Mchoraji hamwamini mtoto. Anaogopa asije akahisi kinyume, basi anamhisia yeye. Picha ya kisa kile ningeichora mlango uliofungwa, basi. Mtoto anajua nani yumo ndani.

Kuna daktari wa nafsi, Bruno Bettelheim, aliyeandika Marekani mwaka 1976 kitabu juu ya manufaa ya ngano kwa watoto, naye alifika mbali akisema picha humpotosha mtoto, humnyang'anya sura ambazo angejitengenezea mwenyewe, na kwamba ni bora asimuliwe tu. Hoja yake ina nguvu, na waona nimekwisha kusema iliyo karibu nayo. Lakini siwezi kumfuata hadi mwisho. Kusimulia kunataka msimulizi. Bibi zetu waliosema Paukwa tukaitika Pakawa wamelala makaburini, na mama wa leo akitoka shambani na kuchota maji hana pumzi ya kisa. Na vitabu vyenyewe tumevipata kwa taabu. Ulipoanza Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania mwaka 1991, kwa msaada wa Kanada, ulianza kwa sababu vitabu vya Kiswahili vya watoto vilikuwa haba kabisa. Mtu aliyelala njaa hawezi kukipindua chungu kwa kuwa chumvi imezidi.

Nitaje kitabu kimoja kilichonipendeza zaidi kwa kisa chake kuliko kwa picha zake, kwa kuwa chanihusu: Goso, mwalimu aliyesomesha watoto chini ya mbuyu. Paa akapanda kuiba mabuyu, buyu likamwangukia mwalimu akafa. Watoto wakamzika, wakaondoka kutafuta muuaji. Wakaupiga upepo wa kusi, ukasema, ningekuwa na nguvu ningezuiwa na kiambaza? Wakakipiga kiambaza, kikamtaja panya, naye akamtaja paka, na hivyo hivyo hadi kwa paa. Paa akanyamaza, wakamwua.

Mchoraji ameutia upepo macho na mdomo, na kiambaza nacho mdomo. Hakuna haja. Mswisi Piaget alieleza tangu 1926 kwamba mtoto mdogo huvipa uhai vitu visivyo na uhai. Mtoto aliyejikwaa hulipiga jiwe. Watoto wa Goso wana msiba, na mwenye msiba hupiga kinachomjia mkononi, hata upepo. Kiambaza cha udongo kilicho kimya, na watoto wenye fimbo wanakipiga huku wanalia, hiyo ndiyo picha. Na katika ukurasa wa mwisho mchoraji amempa paa uso wa hatia, macho chini. Nimekasirika kidogo hapo. Imam Shafi'i amesema kuwa aliyenyamaza hanasibishwi na neno lolote. Kunyamaza kwa paa ndilo swali la kisa kizima, na nilipowauliza wanachuo kama paa alihukumiwa kwa haki walibishana mpaka adhana ya Magharibi. Mmoja akasema paa hakukusudia, buyu lilianguka tu. Mwingine akasema angesema basi. Picha ilikuwa imewakatia hukumu, na ilinibidi nifunike ule ukurasa kwa kiganja ndipo mjadala ukaanza.

Hivi ndivyo nilivyofanya katika sanduku lile. Kisa kinasimuliwa kwanza, kitabu kimefungwa. Kisha wanachuo wanapewa chaki na mbao zao, kila mmoja achore anachotaka, na mwenye kujizuia na sura za wenye roho achore mti na bahari. Kisha ndipo kitabu kinafunguliwa, nao wanamhukumu mchoraji. Wana ukali kuliko mimi.

Yule kijana wa miaka saba alichora papa kama amjuavyo, bapa, amepasuliwa, hana kichwa, na kima amekaa juu yake na mkia umeinuka. Nikamwuliza, huyu papa ni mbaya au mzuri? Akafikiri. Akasema, "Bado hajamwambia."

Wazee wamekubali vitabu vibaki, isipokuwa mmoja, ambaye hoja yake ya hadithi za makemeo ina uzito na simpuuzi. Tumekubaliana vitabu vikae nyumbani kwangu, visiingie msikitini, mpaka tumalize mazungumzo, naye huja kila Ijumaa baada ya sala. Wiki iliyopita aliniomba nimwonyeshe tena ule mchoro wa papa.